Mlango wa Wilondja

Komite imeniomba niwaandikie ninyi vijana mtakaoanza kazi ya kulinda kinamasi chetu hapa Baraka. Wanataka niwafundishe kukata mafunjo. Bon, sawa. Kwanza vueni hayo mabuti.

Nimesema vueni. Najua ni mapya, najua mmeshapiga nayo picha. Lakini buti likijaa tope mtu anasimama pale kama kigingi, na wenzake wanaacha kazi kuja kumng'oa. Mimi nimeng'oa wengi. Mguu mtupu unajua mambo: unakuambia hapa kuna mizizi ya kukubeba, hapa kuna shimo, hapa kuna kitu kimejikunja, toka upesi. Jioni mpitie kwa muganga, mnywe dawa yake ya minyoo ya maji, na akiwakaripia msitaje jina langu.

Nilianza kazi hii kabla sijaota ndevu, na nimeiacha kwa sababu ya magoti. Magoti ndiyo yaliyostaafu. Mdomo bado uko kazini, kama mke wangu Mama Riziki anavyomwambia kila anayepita. Kwa hiyo kaeni. Nitakwenda huku na huku, mnivumilie. Na kabla sijamaliza nitawaambia juu ya yule atakayekuwa mkubwa wenu, msije mkashangaa siku ya kwanza.

Kinamasi mnakijua. Ukitoka sokoni ukashuka kati ya nyumba za mabati, ukafuata harufu ya ndakala, hao dagaa wetu, wanaoanikwa, unafika mahali mji unapokatika ghafula na mafunjo yanaanza, marefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu. Nyuma yake ni ziwa. Upande huu unasikia pikipiki, na kwaya ya kanisa inayojaribu wimbo uleule tangu asubuhi. Ingia ndani kidogo tu, husikii tena kitu ila vyura na ndege. Samaki wa ziwa wanakuja kuzalia humo. Zamani sisi wenyewe tulikuwa tunatupa humo takataka zetu, na walikuwako waliotaka kukijaza udongo wauze viwanja. Sasa kinalindwa. Nyavu haziingii, moto hauwashwi, na Jumapili jamaa nzima zinakuja na watoto na masufuria kutazama ndege. Nani angeamini? Watu wa Baraka wanavaa nguo za kanisa kwenda kumtazama ndege bila hata kumla!

Kitu kimoja cha zamani hatukukiondoa, nacho ni milango. Kila jamaa ya wavuvi ilikuwa na njia yake ndani ya mafunjo, kutoka nyuma ya nyumba yao mpaka ziwani, upana wa mtumbwi mmoja. Njia hiyo ndiyo tunaiita mlango. Mlango wa Asende, mlango wa Mmunga, hivyo hivyo. Mwenye mlango anapitisha mtumbwi wake kwenda ziwani, anakata mafunjo ya kando kwa ajili ya mikeka na paa, na siku hizi anapakia wageni wa Jumapili. Asiye na mlango anakaa nchi kavu akitazama ziwa la wenzake. Kazi yetu sisi walinzi ni kuangalia milango isizibe, maana mafunjo hayalali. Unayakata leo, ukigeuka yameshaanza kukucheka.

Aliyenifundisha ni mzee Mlasi, sasa marehemu, mtu mfupi mwenye sauti nyembamba na kiko kisichotoka mdomoni. Siku yangu ya kwanza alinipa panga, yeye akaenda kuketi mtumbwini. Nikafyeka! Nilikuwa na nguvu, na wasichana walikuwa wanafua pale karibu, basi nikafyeka mpaka jasho likaniingia machoni. Nyuma yangu njia imenyooka, safi, mafunjo yote yamekatwa usawa wa goti. Nikamgeukia. "Mzee, unaona je?"

"Minaona umenyoa ndevu," alisema. "Na ndevu zinaota."

Mafunjo yakaota, ebu! Manene kuliko ya kwanza. Ndipo akanionyesha. Unashika shina kwa mkono wa kushoto, unalivuta, unapeleka panga chini, chini ya maji, mpaka bega lilowe. Unakata kule usikoona. Shina lililokatwa juu ya maji linapumua na kuchipuka. Lililokatwa chini ya maji linakunywa mpaka linaoza. Hiyo ndiyo siri nzima ya kazi, sina nyingine nimeficha. Mtu aliyekata vizuri utamjua kwa bega la kulia. Likiwa limelowa, mpeni chakula. Likiwa kavu, mrudisheni ndani.

Na ile njia yangu iliyonyooka? Upepo wa kwanza wa ziwa uliingia mzimamzima, ukasukuma kisiwa cha mafunjo yanayoelea, kikaziba katikati kabisa. Tulikivuta kutwa nzima, mzee Mlasi akicheka na kukohoa. Mlango haunyooshwi. Unakata kona, kisha kona nyingine, upepo unachokea njiani.

Na kwenye kila kona mbishe hodi. Hili si mchezo. Unagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia, unasema "hodi" kwa sauti ya mtu mwenye adabu, unangoja. Kama kiboko amelala nyuma ya kona, anataka kusikia kwamba unakuja. Anayeshtuliwa ndiye anayepindua mtumbwi. Halafu sikiliza vyura. Wakiendelea na kelele zao, pita. Wakinyamaza wote kwa mara moja, rudi nyuma polepole na uache maswali kwa baadaye.

Binti yangu Riziki alijua haya yote kabla ya kuolewa. Nilikuwa namchukua kazini wakati wa vakansi, shule zikifungwa, kwa sababu hakuna aliyemweza nyumbani. Alikuwa anakata kuliko wavulana niliopewa, na mzee Mlasi alikuwa anatoa kiko mdomoni kumsifu, jambo ambalo mimi hakunifanyia hata siku moja. Kumbukeni hilo jina.

Wageni nao wana ufundi wao. Mnene akae katikati, hata kama ni mchungaji wa kanisa. Mtoto akae mbele ya mama yake, si nyuma. Mpe mtoto muhogo wa kuchemsha atafune, maana mdomo uliojaa haukimbizi ndege. Karanga hapana, maganda yana kelele. Na msimcheke mtu anayeogopa maji. Siku moja alikuja baba mmoja mfugaji kutoka milimani, pamoja na mke na watoto, watu wanaosema Kinyarwanda, wamevaa makoti na jua lote lile. Jitu refu, fimbo mkononi, mtu wa kusimama mbele ya dume la ng'ombe bila kupepesa. Alipoketi tu mtumbwini alifumba macho akaanza kuomba. Aliomba kona zote. Aliuombea mtumbwi, akaniombea mimi, akamwombea na fundi aliyeuchonga. Watoto wake wanapiga kelele, "Papa, tazama!" yeye wapi! Tulipofika katikati nikamgusa goti.

"Papa, fungua basi kidogo. Hapa maji yanafika kifuani tu."

Akafungua jicho moja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, majani mabichi mpaka macho yanachoka. Akasema kwa uchungu wa kweli, "Majani yote haya, na hapana hata ng'ombe mumoja!"

Mtumbwi mzima ulicheka, naye akacheka, na safari ya kurudi alikuwa macho wazi akiuliza jina la kila ndege. Imekuwako miaka ambapo njia ya kutoka milimani kuja hapa ilikuwa ya kuogopa, kwao na kwetu. Siku ile tulikula muhogo pamoja pale ufukoni, watoto wake na wa kartie, mtaa wetu, wakirushiana maji. Mimi mambo kama hayo nayaweka ndani ya kazi.

Sasa nije kwenye siku ya kupita, maana mtaisimamia ninyi.

Kinamasi kilipoanza kulindwa tulikuta milango mingi haina watu. Wenyewe walikimbia vita, wengine wako Tanzania, wengine mbali zaidi, wengine hawako tena. Na mlango usio na mtu ni hatari, kwa sababu wezi wa samaki wanapitia humo na nyavu zao za macho madogo. Nikasimama mkutanoni, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nikasema: kila mwaka, kiangazi kikianza, tuweke siku moja. Kila jamaa ipande mtumbwi wake, ipite mlangoni mwake kutoka nyumbani mpaka ziwani. Pale mlango unapotokea ziwani komite isimame kwenye mchanga iulize, "Mulango wa nani?" Mwenyewe ajibu. Mlango usiopitwa na mwenyewe tuuache ufunge, samaki wapate pa kuzalia. Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mama Riziki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuninyanyulia hata uso. "Na mulango ya Wilondja?" aliuliza.

Niliketi kizingitini.

Wilondja alikuwa mume wa Riziki, mvuvi, kijana mpole aliyekuwa anamwachia mke wake usemi wote wa nyumba. Masasi ya bunduki yalipozidi walivuka ziwa wakaenda kukaa kambini Tanzania. Huko Wilondja alipata ugonjwa, akafa. Riziki alibaki na watoto wawili, Neema na mdogo wake Amisi, wote wamezaliwa kambini. Hapa Baraka nyumba yao ilibaki kuta. Lakini mlango wao ulikuwa palepale nyuma ya kuta, wazi, kwa sababu mimi niliukata kila kiangazi. Hakuna aliyeupita. Nilikuwa nakata peke yangu na kusema moyoni: watarudi.

Siku ya kupita ya kwanza komite walinivumilia, wakasema wenyewe wako safari. Wakanivumilia tena. Halafu prezidenti wa komite akaniita kando. Huyo ni Mama Sifa, muuza samaki wakavu, mwanamke ambaye hata wanunuzi wa Uvira hawamwombi apunguze bei.

"Baba Riziki," alisema, "hii sheria uliisema we mwenyewe. Bengine tulibafungia milango, na balilia mbele yetu. Kiangazi kinachokuja, kama mwenyewe haiko, na ule tunafunga."

Alikuwa na haki. Na mimi sikuweza kuupita kwa niaba yao. Mlinzi anakata, hampitii mtu mwingine mlango wake. Na hilo pia nililisema mimi siku ile ya makofi.

Basi kiangazi kilipoanza, Riziki akaja.

Alikuja kutusalimia, si kurudi. Alilisema kabla hata hatujamshusha mtoto mgongoni. "Baba, mama, tumekuja kuwaona tu. Tutarudi kambini." Alikuja na mfuko mmoja mkubwa, umefungwa mdomo kwa kamba ya nailoni ya bluu, fundo juu ya fundo. Aliuweka pembeni mwa chumba. Kila asubuhi alikuwa anaingiza mkono kwenye upenyo mdogo, anavuta nguo ya siku ile, na fundo haligusi. Mama Riziki na mimi tulikuwa tunautazama ule mfuko kama watu wanaokaa na mgonjwa.

Nilitaka abaki. Nawaambia ninyi wazi, kwa sababu yeye sikuweza kumwambia. Mwanangu mmoja, wajukuu wangu wawili, na katikati yetu ziwa zima! Lakini jioni moja, tukichambua ndakala, alisema mwenyewe.

"Baba, hapa nililala chini ya kitanda, Neema akiwa tumboni, masasi yanapita juu ya nyumba. Kule angalau batoto banasoma. Bengine tuliokaa nabo banaitwa, banahamishiwa ng'ambo. Hapa mi mujane nitafanya nini?"

Mtu aliyekimbia risasi huwezi kumwambia rudi ulale vizuri. Sikumwambia habari ya siku ya kupita, wala ya mlango. Nilijua nikimwambia atabaki kwa kunihurumia mimi, au ataondoka akiwa na deni moyoni, na yote mawili sikuyataka. Nilisema tu, "Kesho tuende tutembee kinamasini. Batoto baone ndege."

Mama Riziki alinivuta nje. "Kesho si siku ya kupita? We mzee, unamudanganya mutoto wako?"

"Simudanganyi. Ndege biko kule."

"Ndege!" alisema, akaenda kutafuta sufuria.

Asubuhi tulipakia bugali, sombe na ndakala. Mama Riziki alikaa katikati, na hapo mimi siongezi neno. Neema alikaa mbele ya mama yake. Amisi alipewa kipande cha muhogo kinachozidi uso wake. Riziki alivaa kitenge chake kizuri, kile cha kuja nacho, na viatu vya kanisa. Mimi nikasimama nyuma na upondo, magoti yakinitukana kila niliposukuma.

Tulipoingia tu ndani ya mafunjo Riziki aligeuka. "Baba. Hii si njia ya kwetu? Ya kwa Wilondja?"

"Ndiyo."

"Nani anaikata?"

"Inakatwa," nilisema.

Alinyoosha mkono akaacha mafunjo yampite kwenye vidole. Kwenye kona ya kwanza nilibisha hodi, Neema akataka kujua tunamwomba nani. Nikamweleza habari ya kiboko. Tangu hapo kazi ya hodi aliichukua yeye. Aligonga ubavu wa mtumbwi kwa nguvu ya mtu aliyetumwa na serikali, na bibi yake akawa anajibu "karibu" kutoka katikati.

Kwenye kona moja nilikuwa naendelea kusukuma. Riziki akanyanyua mkono.

"Baba, simama. Vyura."

Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nabishana na magoti yangu. Lakini alikuwa anasema kweli, kinamasi chote kilikuwa kimenyamaza. Nikarudisha mtumbwi nyuma polepole. Mbele yetu mafunjo yakafunguka, kiboko akapita, jike na mtoto wake, bila haraka, wakaingia upande wa pili. Amisi aliacha kutafuna. Vyura wakaanza tena, ndipo roho zetu zikarudi mahali pake.

"Ulisikia je, mama?" Neema aliuliza.

"Babu yako alinifundisha," alisema Riziki, na nikamwona anatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu ashuke kwenye mashua.

Hapo katikati pana maji wazi, mnapajua, ambapo yangeyange wanalala. Walikuwa wengi mno, weupe, wamejaa juu ya mafunjo mpaka yameinama. Tulipotokea waliruka wote. Amisi alidondosha muhogo majini akapiga kelele, "Bibi! Ndege zote!" Mama Riziki alipiga kigelegele, kinyume cha kila sheria niliyowahi kumfundisha mtu.

Neema peke yake hakupiga kelele. Aliwatazama mpaka walipotua tena. Halafu akaniuliza, "Babu, hawa nani anawagawia chakula?"

"Hakuna anayewagawia."

"Wanapata wapi?"

"Wanatafuta wenyewe. Hapa ni kwao."

Alifikiri sana. Mtoto aliyezaliwa kambini, maisha yake yote chakula kinatoka kwenye foleni. Riziki aligeuza uso akatazama upande wa mafunjo. Mama yake alimwekea mkono mgongoni. Nilisukuma upondo, kwa sababu mzee anayelia na upondo mkononi anapiga mtumbwi ukingoni.

Tulipokaribia ziwa tulikwama. Niwaambie ukweli wa kazi: pale mwisho, mwaka uliopita, magoti yalikataa kabisa kuinama, nikakata kwa kusimama. Mafunjo yalikuwa yamerudi, manene, yameziba. Ziwa linaonekana kati ya mashina, na komite wanaonekana, wamesimama kwenye mchanga na watu wengi, wakitungoja. Mama Sifa alikuwa mbele, mikono kiunoni.

"Mulango wa nani?" aliita.

Riziki alinitazama. "Wanauliza nini hawa?"

Mama Riziki ndiye aliyesema, kwa upole, maneno machache. Kwamba leo ni siku ya kupita. Kwamba kila mlango unaulizwa mwenyewe. Kwamba usipopata wa kujibu, unafungwa, na huu walishaungoja vya kutosha.

"Na baba alijua?"

"Nilijua," nilisema.

"Ulisema tunakuja kutazama ndege!"

"Si umewaona?"

Loo, macho aliyonipa! Nilimzaa mimi lakini nilitamani kuingia chini ya mtumbwi. Nikafungua mdomo nimjibu Mama Sifa mwenyewe, niseme ni wa Wilondja, ni wa wajukuu wangu, mtuache! Mama Riziki alinifinya ubavuni, alama ilikaa. Nikafunga mdomo. Lilikuwa jibu la Riziki, na kama lilikuwa hapana, basi nilitakiwa nilisikie nikiwa nimesimama.

"Mulango wa nani?" Mama Sifa aliita tena. "Baba Riziki, muko na bengine banangoja ku milango yabo!"

Riziki alivua viatu vya kanisa. Alimpa Neema avishike. Alikaza kitenge, akashuka majini, maji yakamfika kiunoni, kitenge kizuri kikaelea kisha kikazama. Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Panga iko wapi?"

Nikampa.

Alishika shina kwa mkono wa kushoto, akalivuta. Akapeleka panga chini, chini, mpaka bega likalowa. Akakata. Akashika lingine. Halafu akapapasa kwenye visiki vyangu vya mwaka uliopita, akasimama, akanigeukia kwa hasira ya kweli.

"Baba, nani alikata hapa? Huyu alinyoa ndevu!"

"Ni magoti," nilisema.

"Magoti gani! Aibu gani hii, na watu wanatazama?"

Mafunjo yalianza kuanguka, haya yanakwenda kulia, haya kushoto. Mama Sifa aliita mara nyingine, sauti imepungua, "Mwanangu, tunauliza, mulango wa…"

"Mama, ngojeni kwanza!" alijibu Riziki bila kuinua kichwa. "Hamuoni niko na kazi?"

Mama Sifa alishusha mikono kiunoni. Akawageukia watu wake. "Basi," alisema. "Mwenyewe tumemuona. Mwingine apite."

Watu wakapiga kelele, mtu akapuliza filimbi, na Mama Riziki akapiga kigelegele chake tena, na mimi nikalia wazi wazi, upondo au bila upondo. Tulitokea ziwani mafunjo yakigusa mtumbwi pande zote. Tulikula bugali kwenye mchanga, na Mama Sifa akaleta samaki bila kuombwa.

Jioni tulirudi Riziki amelowa toka begani mpaka miguuni, watoto pia, kwa sababu pale mchangani nani angewazuia. Upenyo wa mfuko haukutosha tena. Alihitaji nguo kavu za watu watatu. Alipambana na fundo lile la nailoni, maji yamelikaza, meno hayafai, kucha hazifai. "Leteni kisu," alisema. Mimi nilileta kisu haraka kuliko nilivyowahi kwenda popote tangu magoti yaanze kunisumbua. Alikata kamba, akamwaga nguo zote kitandani. Mama Riziki alichukua mfuko mtupu, akaukunja, akaukalia.

Hawakurudi kambini. Si kwamba hofu ya Riziki imekwisha. Bado ziko siku ambapo mlio wa chuma kwa fundi unamsimamisha katikati ya neno. Nyumba yao ina mabati nusu, nusu nyingine ni mafunjo. Neema anasoma hapa na ameshagombana na nusu ya darasa, kwa hiyo nasema amezoea. Jumapili mama yake anapakia wageni, na mwaka huu komite ilipotafuta mtu wa kushika kazi yangu hawakuuliza watu wengi.

Huyo ndiye mkubwa wenu. Siku ya kwanza hatawasalimia sana. Atawapeleka ndani, atawapa mapanga, na mkitoka atawapanga mstari na kuwagusa mabega mmoja mmoja. Mkisikia amesema mmenyoa ndevu, msibishe, rudini majini. Fikeni mapema, mumngoje nyuma ya nyumba yake, pale mlango unapoanzia. Mtumbwi wake mtaujua. Umefungwa kwa kamba fupi ya nailoni ya bluu, iliyokatwa kwa kisu. Msiifungue mpaka aje mwenyewe.